Ngumi Ambazo Hazikuandikwa

Nina daftari la kurasa 96 ambalo nimekaa nalo tangu 1984. Jalada limebaki nusu. Ndani yake kuna kila pambano nililopigana: tarehe, mji, uzito wangu siku ya mizani, mpinzani, raundi, matokeo. Ya ridhaa ni 58. Ya kulipwa ni 31. Nimeshinda 19, nimepigwa 10, sare mbili. Raundi za kulipwa zote pamoja ni 187. Aliyezijumlisha ni binti yangu wa pili, tumekaa kibarazani jioni moja, maana mimi siku hizi nikijumlisha safu ndefu ya tarakimu napotea katikati na kuanza upya.

Alipomaliza akafunua kurasa mbele na nyuma, akaniuliza, "Baba, na zile za mazoezi umeziandika wapi?"

Sikuziandika popote.

Nilizaliwa 1966 kambi ya polisi Nsambya, ndani ya yunipoti, vile vibanda vya duara vya mabati ambavyo mchana vinakuoka na usiku vinakugandisha. Baba alikuwa konstebo, Mlugbara wa Arua. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo. Jirani wa kulia Mteso, wa kushoto Mwacholi, mbele yetu Mganda. Basi uwanja mzima ulizungumza Kiswahili, na mimi mpaka leo nikiota naota kwa Kiswahili. Kampala ukikizungumza kwa ufasaha kuna watu watakutazama mara mbili, wakidhani ama wewe ni askari ama ni mwizi. Nimezoea. Huko kambini ndiko nilikoisikia ngumi kwa mara ya kwanza, na ilisema Kiswahili: mikono juu, kidevu chini, usirudi nyuma kama ng'ombe.

Vita vilipofika Kampala mwaka 1979, sisi watu wa West Nile hatukungoja kuulizwa kabila. Tulikwenda Arua, na mwaka uliofuata tukavuka mpaka kuingia Zaire. Hayo yana siku yake. Nilirudi 1983 nikiwa na miaka 17, nikapokewa na shangazi yangu Naguru, kwenye zile nyumba za zamani zilizokuja kubomolewa 2011.

Karibu na pale palikuwa na ukumbi wenye ulingo wa mbao uliotandikwa turubai, magunia matatu, na jozi mbili za glavu kwa vijana zaidi ya 20. Ukiwa wa mwisho kuzivaa, zilikuwa zimelowa jasho la watu wanane, nzito kama tofali bichi, na harufu yake ililala na wewe. Kocha alikuwa koplo mstaafu. Jina lake nililijua baadaye sana, maana sote tulimwita Afande. Bandeji zangu shangazi alizikata kwenye shuka kuukuu, vipande viwili vya mita tatu tatu, na kila jioni nilizifua kwa sabuni ya mche na kuzianika. Majirani walikuwa wakipita wanamtania: "Mama, nani kavunjika mguu leo?" Shangazi alikuwa anajibu, "Bado, tunajiandaa."

Jumatatu hadi Ijumaa tulikimbia na kupiga gunia. Jumamosi tulipimana. Ndilo neno tulilotumia, kupimana, ingawa baadaye nikiwa nje nililijua kwa jina la sparingi. Kupimana kwa Afande kulikuwa vita. Anakuweka na mtu, anafunga mlango wa ukumbi, anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na kengele yake ni kijiko na sufuria. Raundi haikuwa na dakika tatu. Ilikuwa na muda wa Afande kuvuta sigara. Mkubwa alipewa mdogo, mwenye kilo 80 alipewa wa 67, na aliyelalamika alipewa mwingine mkubwa zaidi. Kutoka na damu puani ilikuwa ndiyo cheti. Simlaumu sana. Naye alifundishwa hivyo, na alitupenda. Siku za Iddi alituchinjia mbuzi kwa pensheni ambayo haikutosha hata yeye.

Kulikuwa na picha mbili ukutani, zimekatwa gazetini. Moja ya Ayub Kalule, nyingine ya John Mugabi, mabondia wetu wa Uganda. Kalule alikuwa mashoto, mtulivu, mtu wa hesabu. Mwaka 1974 alipata dhahabu ya dunia ya ridhaa kule Havana. Mwaka 1979 alikwenda Akita, Japani, akamvua Masashi Kudo ubingwa wa dunia. Alipokuja kukutana na Sugar Ray Leonard, Juni 1981 mjini Houston, alikuwa hajapigwa katika mapambano 36. Leonard alimmaliza raundi ya tisa. Wengine hapo wangekwisha. Yeye alipanda uzito wa kati, na mwaka 1985 akawa bingwa wa Ulaya, ana miaka 31. Mugabi alikuwa jambo jingine. Fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, halafu akaingia ngumi za kulipwa, na kila aliyesimama mbele yake alilala kabla ya kengele ya mwisho. Walimwita Mnyama.

Kalule tulimheshimu. Mugabi tulimpenda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotulea vibaya.

Machi 1986 Mugabi alipanda ulingoni na Marvin Hagler, Las Vegas, kugombea ubingwa wote wa uzito wa kati. Kampala ilikuwa haijapoa. Wapiganaji wa Museveni walikuwa wameingia mjini Januari 26, wiki sita tu nyuma, na bado ulikuwa unakuta maganda ya risasi kwenye mitaro. Asubuhi ile ya tarehe 11 tulikuwa vijana kama 15 tumezunguka redio moja ya mlinzi wa ghala, betri zake zimeanikwa juani ili zipate nguvu, tukisubiri habari. Mtangazaji alipitia dunia nzima kabla ya kufika michezoni. Hagler, kwa nokauti, raundi ya 11. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja wetu akapiga teke jiwe.

Baadaye mkanda ulifika kwenye vibanda vya video, na hapo ndipo tuliposahau huzuni. Tuliutazama mpaka ukaanza kukwaruza. Raundi ya sita! Hagler anampiga kichwa kikienda huku na huku, na Mugabi haanguki, anarudisha. Ukumbi ulipiga kelele kama Mugabi ndiye anayeshinda. Mimi nilikuwa na miaka 20, kilo 74, na nikatoka mle na uamuzi kwamba bondia ni yule anayeweza kula. Jumamosi iliyofuata nilishusha mikono makusudi mbele ya mtu wa kilo 81 ili wenzangu waone. Waliona.

Timu ya taifa niliifikia, nikaivaa jezi ya Bombers mara mbili, zaidi nikakaa benchi. Ukumbi wa Lugogo, hapo Kampala, nilipigana mara nyingi mpaka nikajua kona ipi ya ulingo inateleza. Hakuna cha ajabu hapo. Mwaka 1990 nilipanda basi kwenda Nairobi kuanza ngumi za kulipwa, begi moja, bandeji zilezile za shuka.

Nairobi ndiko nilikojifunza mizani. Uzito wa kati wa kulipwa mwisho wake ni paundi 160, yaani kilo 72.57. Mimi nilikuwa natembea na 79. Kuna pambano moja, jioni ya kuamkia mizani nilikuwa 74.1. Nikavaa mfuko wa taka wa plastiki, nikautoboa matundu ya kichwa na mikono, juu yake sweta mbili, nikapanda na kushuka ngazi za nyumba ya wageni mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimeiba. Halafu nikakaa kitandani natafuna bigijii na kutema mate kwenye kikombe. Kikombe kizima cha mate ni gramu 200 hivi; ukiwa na shida unazijua bei zote. Alfajiri nilikuwa 72.9. Tukanyoa nywele. Nikapanda mizani uchi, watu wawili wameshika taulo mbele, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi, sindano ikasimama. Kwenye daftari langu siku hiyo imeandikwa "72.5". Basi. Tarakimu safi kabisa, huwezi kujua kuna mtu nyuma yake aliyekuwa hawezi kumeza mate yake mwenyewe. Kesho yake nilipigana raundi nane na nikashinda kwa pointi, na raundi tatu za mwisho sizikumbuki mpaka leo.

Mwaka 1993 wakala mmoja alinipeleka Ujerumani. Niliambiwa nakwenda kupigana. Nilipigana, ndiyo, mara chache, kwenye kumbi ndogo, kabla watu hawajakaa vizuri. Kazi hasa ilikuwa nyingine: kulikuwa na bingwa, jina lake sitalitaja, na bingwa alihitaji mtu wa kupigana naye kila akijiandaa. Kazi yangu ilikuwa kuwa mtu mwingine. Akiwa anajiandaa kwa Mmarekani mrefu, mimi nilikuwa Mmarekani mrefu, napiga jebu na kurudi. Akijiandaa kwa Muajentina mfupi anayeinama na kulenga mbavu, mimi nilikuwa Muajentina. Nilikuwa hodari, nakiri. Kocha wake alikuwa akinipigapiga begani na kusema kwamba hajapata mtu anayeiga kama mimi. Miaka mitatu nilikuwa wapinzani wa watu wengine, na nadhani mtindo wangu mwenyewe ulifia humo.

Sasa hesabu ya binti yangu. Kambi moja ilikuwa wiki nane. Siku nne kwa wiki, raundi sita kwa siku. Hizo ni raundi 192. Alipofika hapo aliinua kalamu, akanitazama. Kambi moja tu ilikuwa imepita raundi zote 187 za maisha yangu ya kulipwa. Na nilifanya kambi tano.

Nililipwa kwa wiki, pamoja na kitanda na chakula. Pesa ile sitaitukana, kwa sababu kiwanja cha Kyaliwajjala nilikinunua nayo, na ukuta ninaouegemea nikiandika haya umetoka huko. Pesa za mapambano yenyewe zilikuwa zinafika zimeng'atwa: wakala kachukua chake, promota chake, tiketi ya ndege imekatwa mara mbili. Pesa ya sparingi ilikuwa ndogo lakini ilikuja nzima. Ndiyo maana sikukataa hata siku moja.

Jumanne moja bingwa alinipiga hook ya kushoto chini kidogo ya sikio. Haikuuma. Nilisikia kama mtu amebamiza mlango wa bati ndani ya kichwa, kisha nikawa nahesabu taa za dari. Zilikuwa sita, halafu zikawa tisa, halafu zikarudi sita. Nilipoinuka kocha aliniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Nani amewahi kusema vingine? Wakanimwagia maji, nikakaa raundi moja, nikamaliza mbili zilizobaki. Jumatano ilikuwa mapumziko. Alhamisi nilirudi, nikawa Muajentina tena.

Ningeangushwa vile Lugogo kwenye pambano la ridhaa, daktari angechukua kitabu changu na kuandika siku 30, nisiguse ulingo, si pambano wala mazoezi ya kupigana. Ningelalamika, lakini ningekaa. Pambano lina refa, lina daktari, lina majaji, lina mke wako au mama yako amekaa safu ya tatu amefunika macho. Ukumbi wa mazoezi saa nne asubuhi hauna mtu. Kuna mwenye ukumbi, na mwenye ukumbi anataka bingwa wake atoke jasho.

Nilistaafu 2001, miaka 35, baada ya kijana mmoja wa Kampala kunishinda kwa pointi bila hata kuchanika. Hakunipiga sana. Tatizo lilikuwa kwamba niliiona kila ngumi yake ikija, nikajua ni ipi na inakwenda wapi, na mikono ikafika imechelewa, kama barua.

Dalili zenyewe zilikuja polepole, moja moja, ndiyo maana hazikunishtua. Kifungo cha shati kikawa kidogo. Nikaacha sufuria jikoni mara mbili. Nikawa mkali kwa watoto, mimi ambaye nyumbani nilikuwa mpole kuliko mama yao. Ulimi ukawa mzito jioni, na wenye duka wakadhani nimelewa. Mimi pombe sijawahi kuionja. Daktari wa mishipa ya fahamu aliniuliza niliwahi kupigwa nokauti mara ngapi. Nikamwambia kwa fahari, mara mbili tu katika mapambano 89. Akaandika. Kisha akaniuliza, "Na kwenye mazoezi je?" Akawa wa kwanza kuniuliza swali hilo, binti yangu akawa wa pili.

Nilimwambia tulivaa kofia za kinga, nene, za ngozi. Akanieleza kwamba kofia inazuia kuchanika, lakini mtikisiko haiuzuii, na ubongo unaumizwa na mtikisiko. Nilikuja kuelewa vizuri zaidi mwaka 2013, watu wa ngumi za ridhaa walipowaondolea wanaume kofia hizo na wengi tukashangaa. Lakini aliyenielewesha hasa ni mke wangu. Yeye ni Mnyankole, amekua na ng'ombe. Nilipokuwa namrudia maneno ya daktari alikuwa anasikiliza huku anaosha vyombo, akasema, "Kwani ni kitu gani kigeni? Kibuyu cha kusukia maziwa unakitikisa asubuhi yote. Hakipasuki, hakina hata ufa. Lakini ukifungua, maziwa uliyotia siyo unayokuta."

Sikuwa na la kumjibu. Nilichukua kitambaa nikakausha vyombo.

Sasa ninafundisha. Vijana 14 na wasichana watano, jioni, kwenye kibanda cha mabati alichotupa mzee mmoja wa msikiti bila kodi. Mikono yangu inatetemeka nikishika kikombe, lakini nikifunga bandeji inatulia. Sijui kwa nini, na sijamuuliza daktari nisije nikaiharibu. Kitanzi kwenye kidole gumba. Kiganja kifunguke, vidole vitanuke kama unasukuma ukuta. Kifundo mara tatu, usikaze. Juu ya magumi mara tatu, hapo kaza. Pita kati ya kidole na kidole, rudi kwenye gumba, maliza kifundoni. "Kunja. Inauma?" "Haiumi, Mzee." "Inabana?" "Kidogo." "Kidogo ndiyo sawa." Naweza kufunga watoto wote 19 bila kutazama.

Na nina daftari jipya. Hili si la mapambano. Ndani yake kuna kila raundi ya kupimana ambayo kila mtoto amepigana, kwa tarehe, na nani, na kama kichwa kiliguswa vibaya. Hakuna anayezidi raundi sita kwa wiki. Zingine ni za mwilini tu, au tunapiga polepole kama wanaocheza ngoma. Aliyetikisika anakaa siku 30, hata kama alitikisika mbele yangu mimi peke yangu na hakuna daktari. Makocha wenzangu wa mtaani wananicheka. Mmoja alikuja akasimama mlangoni, akatazama, akaniambia nafuga kuku wa kizungu. Labda. Watoto wangu wawili walipigwa na vijana wake mwezi ule ule, na mzazi mmoja akamhamisha mwanawe. Sina jibu zuri la jambo hilo. Kijana asiyepimana vya kutosha naye anaumia siku ya pambano, hilo ni kweli, na mstari uko wapi hasa kila siku naukisia.

Nina kijana mmoja wa uzito wa kati, miaka 19, kilo 74, mkono wa kulia mzito wa ajabu. Wiki iliyopita alipigiwa simu: kuna kambi nje, wanatafuta watu wa sparingi, wiki sita, nauli juu yao. Alikuja mbio, simu bado mkononi, anataka baraka zangu. Nilimwambia akaulize mambo matatu: siku ngapi kwa wiki, raundi ngapi kwa siku, na nikiangushwa nani ananipeleka hospitali. Aliwapigia palepale, spika imewashwa. Mawili ya kwanza walijibu upesi. La tatu wakasema watapiga tena.

Hawajapiga. Kijana amenikasirikia, anaamini nimemharibia, na huenda nimemharibia; kwa pesa ile angeweza kununua kiwanja.

Jana alikuwa amemaliza raundi zake sita za wiki, akaja mbele yangu na glavu bado ziko mkononi. "Mzee, moja tu. Moja haiui." Nikamwonyesha daftari. Akatema kinga ya meno kiganjani, akavua glavu, akachukua kamba na kwenda kuirukia kona ya mbali, anaipiga sakafu kwa hasira, ta-ta-ta-ta, vumbi linapanda. Nikafungua ukurasa wake nimwandikie ile ya sita. Kalamu ikasimama. Nikatazama mlangoni, nikatazama dari.

"Wewe," nikamwita. "Leo tarehe ngapi?"

Kamba ikanyamaza. Akanitazama kidogo kabla ya kujibu.

"Kumi na nne, Mzee."

Nikaandika.